Wasipopiga Simu, Ujue Uko Sawa

Ndugu zangu, vuteni viti mkaribie, hasa ninyi mliokuja leo kwa mara ya kwanza mkakaa karibu na mlango kama watu wanaotafuta njia ya kutoroka. Nawajua. Mimi pia nilikaa pale pale siku yangu ya kwanza. Hakuna atakayewalazimisha kusema. Leo nasema mimi, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu, mtanivumilia. Mwalimu akipewa nafasi hamalizi kabla ya kengele.

Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi kule Igembe. Nikastaafu, nikabaki Kangeta, kwa sababu ndiko nilikoolewa na ndiko nilikomzika mume wangu. Lakini kwa kuzaliwa mimi ni mtu wa Embu, upande wa Kianjokoma. Sitataja jina la mtu wala la hospitali. Wahusika wanajijua, na mimi sikuja kuwashtaki. Nimekuja kuwaeleza jinsi mtu anavyoweza kudanganywa kwa sentensi moja tu, akaishi ndani ya sentensi hiyo miaka miwili, huku ugonjwa unakua.

Kabla ya corona, dada yangu mkubwa alikufa kwa saratani ya utumbo mpana. Alipoanza kulalamika tumbo, tulimwambia ni minyoo. Baadaye tukamwambia ni asidi. Siku alipofika hospitali hakukuwa na la kufanya ila kumpunguzia maumivu. Baada ya mazishi, daktari aliyemtibu alituita sisi ndugu zake akasema, "Ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya familia. Msingoje kuumwa. Pimweni mkiwa wazima."

Hapo acha nieleze kidogo, maana ni somo rahisi. Ndani ya utumbo mpana kunaweza kuota kinyama kidogo kama punje ya mbaazi. Hakiumi. Kinaweza kukaa miaka bila kukusumbua, kisha siku moja kikageuka kuwa saratani. Kikionekana mapema, daktari hupitisha kamera nyembamba, akakikata kwa waya, nawe unarudi nyumbani siku hiyo hiyo ukanywa chai. Kwa hiyo kipimo hiki si cha mgonjwa. Ni cha mzima. Shikeni hilo, hata kama hamna kalamu.

Basi mimi nikaja hospitali moja hapa Meru mjini, sina hata kikohozi. Muuguzi akanipa mkebe mdogo, mfano wa kidole, wenye kijiti kwenye kifuniko. Akanielekeza: unachukua choo chako kidogo kwa kijiti, unafunga vizuri, unarudisha ndani ya siku chache. Maabara inatafuta damu ambayo macho hayawezi kuiona. Ikipatikana, unapangiwa kamera. Akaandika jina langu na namba ya simu kwenye daftari kubwa. Nikarudi Kangeta nikijiona mtu mwerevu kuliko wote kijijini.

Wiki ile ile corona ikaingia nchini.

Mnakumbuka. Redio ilisema wazee wakae nyumbani. Mimi nimepita sitini na nina presha. Watu waliogopa lango la hospitali kuliko lango la makaburi. Ilisemekana ukikohoa tu pale unapelekwa karantini, na ukifa unazikwa na watu waliovaa nguo nyeupe, bila hata ubeti mmoja wa wimbo. Na mkebe wangu ulikuwa tayari. Nilikwisha kuutumia. Siku zake zilikuwa zinaisha. Nani angeufikisha?

Mume wa binti yangu ni dereva wa miraa. Magari ya mizigo yaliruhusiwa kupita, na kila siku alitoka Kangeta akipitia Meru mjini. Wageni wa huku hamjui: dereva wa miraa hasimami njiani. Miraa ikikauka haina mnunuzi, kwa hiyo kumwomba asimame hospitalini ilikuwa ni kumwomba jambo kubwa. Lakini alikuwa mkwe mwema. Nikimwomba kitu, alikuwa akiinamisha kichwa na kusema, "Sawa, mama."

Sasa hapa ndipo penye fundo, na vijana msicheke. Mkwe kwangu ni mtu wa heshima. Nilivyolelewa Embu, na nilivyoikuta Meru nilipoolewa, mama mkwe hazungumzii mwili wake mbele ya mume wa binti yake. Haingii chumbani kwangu. Mimi sianiki matandiko yangu nje akiwa anakuja. Nikiumwa tumbo, namwambia binti yangu, naye anamwambia mumewe kwamba "mama hajisikii vizuri." Basi ningemkabidhije mtu huyo choo changu mkononi?

Nikafanya hivi. Mkebe nikautia kwenye bahasha, nikaandika MAABARA. Bahasha nikaifunga kwa jani la mgomba, nikakaza kwa kamba ya mgomba, vile vile kibunda cha miraa kinavyofungwa ili kisipate joto. Kazi nzuri kabisa. Alipokuja nikamwambia, "Ni kitu cha hospitali. Kipeleke maabara. Usikifungue."

"Sawa, mama," akasema.

Kesho yake alinipigia. "Mama, nimefikisha. Wamesema wasipopiga simu, ujue uko sawa."

Ndiyo hiyo sentensi, ndugu zangu. Niliipenda! Nilichaji simu kila siku, nikaenda nayo shambani, nikaenda nayo bafuni. Wiki ikapita, mwezi ukapita, simu haikuita. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikawaambia akina mama wa kanisani, "Mimi nimepimwa, niko sawa."

Mwaka uliofuata nikaanza kuona damu nikienda choo. Kidogo, kisha tena kidogo. Jirani yangu anauza miraa pale sokoni, mdomo wake hauna breki. Nilipomnong'oneza, alicheka mpaka wateja wakageuka.

"Mwalimu, hiyo ni bawasiri tu! Hapa Kangeta nani hana bawasiri? Hata ukuta una bawasiri!"

"Lakini mimi sitafuni miraa."

"Unakaa na watu wanaotafuna. Inatosha."

Nikacheka pia. Huko kwetu miraa hufunga watu choo, na damu ikionekana kila mtu anajua dawa: kunywa maji, kula papai, nyamaza. Lakini nilikumbuka dada yangu, nikaenda dispensari. Kijana aliyenihudumia alikuwa makini. Aliniuliza, "Kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua saratani ya tumbo?" Nikamwambia kuhusu dada. Akaacha kuandika, akaniangalia. "Na wewe umewahi kupimwa?"

Nikamjibu nikiwa nimenyoosha mgongo, "Ndiyo. Mwaka jana. Nilikuwa sawa."

Nikaona uso wake unalegea. Akaandika dawa ya kupaka.

Nimeyawaza maneno yale mara nyingi kuliko sala zangu. Uongo wa mtu mwingine ulikuwa sasa unatoka kinywani mwangu mimi, kwa sauti ya mwalimu, na mtu aliyekuwa karibu kuniokoa akauamini.

Mwaka wa pili nikakonda. Nikawa napumua kwa shida nikipanda mwinuko wa kwenda kanisani. Siku moja nikaanguka kwenye mahindi, binti yangu akanibeba na hakuniuliza kama nataka. Tulikuja moja kwa moja hapa mjini, hospitali ile ile. Daktari alikuwa msichana mdogo ambaye ningeweza kuwa nilimfundisha kuhesabu. Akasema, "Mama, una upungufu mkubwa wa damu. Tunahitaji kujua inapotelea wapi."

Nikamwambia, "Angalieni kwanza kipimo changu cha ule mwaka wa corona. Kilikuwa kizuri."

Akamtuma muuguzi. Daftari likaletwa, lile lile kubwa. Jina langu lilikuwepo. Namba yangu ya simu ilikuwepo. Kwenye nafasi ya "kimepokelewa" hapakuwa na kitu. Na chini yangu, ndugu zangu, nafasi nyingine tupu, na nyingine, ukurasa mzima, majina ya watu na mbele yao weupe.

Nikauliza, "Hawa wote ni akina nani?"

Muuguzi alikuwa mtu mzima, akafunga daftari polepole. "Ni wale tuliowapa mikebe kabla hatujaambiwa tusimamishe. Maabara ilibaki kupima corona peke yake. Tulisema tutawapigia mambo yakitulia."

"Mliwapigia?"

"Mama, nisikudanganye. Mambo yalipotulia, sisi wenyewe tulikuwa wachache. Wengine hatukuwapigia."

Niliheshimu jibu lake, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kunipa ukweli kwa miaka miwili. Lakini liliniuma. Kama wangenipigia mara moja tu, hata kusema "samahani, hatujakupima," ningejua. Mtu asiyepimwa na anajua hajapimwa anaweza kujitafutia njia. Mimi nilikuwa sijapimwa na najua nimepimwa.

Binti yangu alishika simu pale pale, akampigia mumewe. Nilimsikia.

"Baba watoto, ile kitu ya mama ulipeleka wapi?"

"Kitu gani?"

"Unajua kitu gani. Ulimpa nani? Mwanamume ama mwanamke?"

Hapo laini ikakatika. Binti yangu aliendelea kushika simu sikioni kana kwamba kuna mtu bado anaongea. Mimi nilimwangalia yeye, nikaacha kuifikiria damu yangu. Niliona ndoa ya mtoto wangu inapasuka mbele ya meza ya daktari, na mimi ndiye niliyeufunga ule mzigo.

Sitawachosha kwa mambo ya kamera, ila wale mnaoiogopa nawaambia: kazi ni siku moja kabla, unapokunywa ile dawa ya kusafisha tumbo na kuhamia chooni kama mpangaji. Kamera yenyewe unalala. Nilipoamka, daktari alinichorea. Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto, na saratani ilikuwa imegusa tezi za jirani. Nikamuuliza, "Ule mwaka wa corona, uvimbe huu ungekuwa nini?" Akaendelea kuchora. Nikamwambia, "Nimefundisha watoto miaka yote bila kuwaficha majibu yao. Niambie." Akasema hakuna anayeweza kujua kwa hakika, lakini huenda ungekuwa bado kile kinyama cha kukatwa kwa waya.

Nikapasuliwa. Nikaishi na mfuko wa choo uliobandikwa tumboni miezi kadhaa. Nikaanza dripu za kutibu saratani, na ninyi mlio kwenye dripu sasa mnajua ladha ya chuma mdomoni, sina haja ya kueleza.

Mkwe wangu hakuonekana. Alihamishia kazi upande wa Timau, akawa anabeba mboga badala ya miraa, akilala huko huko. Kisha nikiwa nyumbani nimedhoofika, wakaja wazee watatu wa ukoo wake, na mbuzi, na asali. Walikaa, wakasifu chai, wakasema kijana amekosea na anaomba yaishe kwa njia ya mila.

Nikawauliza, "Amekosea nini?"

Mzee mmoja akakohoa. "Si unajua, mwalimu. Ule mzigo."

"Mzigo gani?"

Wakatazamana. Wazee watatu, wenye fimbo, neno limewashinda. Nikawaambia, "Mbuzi arudi. Asali nitaibakiza, maana mmetoka mbali. Lakini mwambieni aje mwenyewe. Mimi niliumizwa na ujumbe ulioletwa na mtu mwingine, sitaponywa kwa ujumbe ulioletwa na mtu mwingine."

Alikuja baada ya wiki mbili. Alisimama mlangoni, hakuingia. Binti yangu alikuwa jikoni, amemgeuzia mgongo, lakini nilijua anasikiliza kwa sababu sufuria zilinyamaza.

"Mama," akasema, "siku ile langoni, askari alisema lazima kila kitu kifunguliwe. Kulikuwa na foleni ya watu wananawa mikono. Akaniuliza ni miraa ya aina gani, 'Hii ni giza ama ni kangeta?' Watu wakacheka, maana alidhani nimemletea miraa ya hongo. Akafungua. Akaona... akaona ile kitu."

"Kitu gani?"

"Ile ya hospitali."

"Sema jina lake."

Akaangalia chini. Mtu wa miaka arobaini na kitu, jasho linamtoka. "Choo, mama. Choo chako."

"Endelea."

"Akapiga kelele. Akasema, 'Huyu dereva amebeba choo! Cha nani?' Kabla sijafikiri nikasema cha mama mkwe. Foleni yote ilianguka kicheko. Mmoja akasema, 'Huyo alikupenda, wengine hupewa kuku.' Kisha mtu wa hospitali akatoka, akasema maabara haipokei hiyo, ni corona tu, warudi yakiisha. Nikakitupa shimoni. Nikaendesha mpaka Embu bila kusimama. Nilipokupigia, nilitaka kukwambia. Lakini ningekwambia hawakupokea, ungeuliza kilienda wapi. Ningekwambia nilikitupa, ungejua nilikiona. Sikuweza kukwambia nilikiona."

"Na ile ya wasipopiga simu?"

"Niliitunga. Nilidhani ni wiki mbili corona itaisha, utaenda tena."

Ndugu zangu, hapo ndipo mambo yangu yalipogeuka, na si kwa sababu moyo ulilainika. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, nimeyapanga kama somo. Lakini aliposema "sikuweza kukwambia nilikiona," nilijiona mimi, nikikaza ile kamba ya mgomba. Mimi pia sikuweza. Nilimpa mtu mzigo bila kumwambia ni nini, nikampeleka mbele ya watu wamcheke, kwa sababu aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko akili yangu. Kama ningemwambia, "Mwanangu, hiki ni choo, na usipokifikisha naweza kufa," angekibeba kwa mikono miwili.

Lakini nisikilizeni vizuri, maana watu husikia sehemu hii wakanipigia makofi kana kwamba tumemaliza. Kosa langu halifuti lake. Mimi nilificha aibu. Yeye alinipa afya ya uongo. Na hospitali ilijua haikunipima ikanyamaza. Nilimwambia mlangoni pale, "Ulichonifanyia ni kibaya. Sijui kama nitaacha kukikasirikia. Lakini ingia, ukae, chakula kipo." Akaingia. Binti yangu akaleta mukimo, akaweka sahani mbele yangu, akaweka mbele yake mwenyewe, na mumewe akamwacha ajipakulie. Ndivyo ilivyoanza.

Mkiniuliza kama nimemsamehe, nitawajibu kama mwalimu mkweli: kuna siku napata alama nzuri, kuna siku nafeli kabisa. Nikiona kovu langu nikioga, nafeli.

Mfuko uliondolewa, utumbo ukaunganishwa. Vipimo vya karibuni ni visafi, na safari hii niliviona kwa macho yangu, nikasoma kila mstari. Watoto wangu wote wamepitishwa kamera. Kwa binti yangu, yule yule, kilipatikana kinyama. Kidogo, kama punje. Kilikatwa, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo, akanywa chai. Nililia siku ile kuliko siku yangu ya upasuaji.

Nawashukuru. Namshukuru yule muuguzi wa daftari, ambaye baada ya siku ile alianza kuwapigia watu wa ukurasa ule mmoja mmoja, kwa muda wake mwenyewe. Wawili wao wako humu ndani, nao wananijua. Namshukuru daktari msichana. Nawashukuru akina mama waliokuja kunifulia, na jirani yangu wa miraa, ambaye alikuja kuniomba msamaha kwa ajili ya bawasiri, kisha akanifundisha kubadilisha mfuko bila kukunja pua. Na ninyi kikundi hiki, mlionisikiliza nikiwa na hasira, wala hamkuniambia niharakishe kusamehe.

Somo ni fupi. Kama miadi yako ilifutwa ule mwaka, bado imefutwa mpaka uende. Wakisema watapiga simu, waulize ni lini, na siku ikipita, piga wewe. Kimya si jibu. Na ukiona damu, usikubali soko likupime. Taja choo kwa jina lake, hata mbele ya mkwe. Hakuna aliyewahi kufa kwa kulitaja.

Sasa niwaachie wengine. Mkwe wangu yuko nje kwenye gari. Ndiye anayenileta kila mwezi, na haingii, kwa sababu bado hatujafika hapo. Kila nikitoka huwa ananiuliza, "Mama, wamesema nini?" nami humweleza yote mpaka tunafika Kangeta. Leo ataniuliza tena. Itabidi nimwambie kwamba leo hawakusema wao. Leo nimesema mimi.